Chungwa kwa Mkono wa Kushoto

"Simameni!" Mselem aliamrisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wake wawili wakaendelea kukaa.

Wanafunzi wenyewe walikuwa mkewe, Kijakazi, na jirani yao Sabiha, muuza bajia mwenye mwili wa kutosha watu wawili. Darasa lilikuwa mkeka uliotandikwa uani kwake, mtaa wa Nguvumali, kati ya mtungi wa maji na kamba ya nguo. Ubao ulikuwa kifuniko cha kasha la chai alichokipaka masizi.

"Kasema nini?" Sabiha akamwuliza Kijakazi.

"Kasema tusimame."

"Nami ndiyo kwanza nimepata pa kukaa! Mwalimu, magoti haya hayajui Kizungu."

"Bi Sabiha, katika darasa hili Kiswahili ni marufuku."

"Mbona hiyo marufuku yenyewe umeitaja kwa Kiswahili?"

Kijakazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mselem hakucheka. Jumatano iliyokuwa ikija angesimama mbele ya mkaguzi wa shule, Mzungu aitwaye Bwana Kershaw, afundishe somo moja la Kiingereza huku akitazamwa, na kwa somo hilo ingekatwa shauri: ama apewe darasa jipya la Kiingereza litakalofunguliwa Ngamiani mwaka mpya, ama arudi kwenye mizani ya shamba la mkonge, kupima matita ya wenziwe mpaka mauti yamkute hapo hapo.

Aliichukia mizani ile. Si kwa uzito wa kazi, kwa maana alizoea kazi nzito. Aliichukia kwa sababu kila asubuhi ilimkumbusha kwamba yeye pia alikwisha kupimwa akaonekana hafiki. Alizaliwa Moa, kwa mama Msegeju. Utotoni aliletwa Tanga mjini kusoma Kurani chuoni kwa Maalim Shehe, akalala kwa Maalim, akala kwa Maalim, akakhitimu. Vita vya Hitla vilipokuja akaingia Keya, jeshi la Waingereza. Akapelekwa Seiloni, akapelekwa Burma, akakaa miaka kwenye mvua isiyokatika akiwa karani wa kombania, na aliporudi alikuwa na Kiswahili chake, Kisegeju cha mamake, Kidigo cha majirani, Kihindi cha melini na kambini, na Kiingereza cha kumtosha mtu kugombana, kuomba radhi na kupiga soga.

Kiingereza hicho alikipeleka ofisi baada ya ofisi. Nyuma ya kila meza alimkuta kijana wa bara aliyesoma misheni, amekaa wima, mkono wa shati umepigwa pasi.

"Una cheti?"

"Nina Kiingereza. Niulize lolote."

"Nimeuliza cheti, mzee."

Mzee! Wakati ule hata mvi hana. Kiingereza bila cheti kilikuwa kama ng'ombe asiye na chapa: hata akitoa maziwa, watu husema ni wa wizi. Na vijana wale hakuwalaumu. Wao walipelekwa shule. Watoto wa pwani hawakupelekwa, kwa sababu wazazi wao walikwisha kuona jirani akimpeleka mwanawe misheni akiitwa Hatibu, akarudi likizo akiitwa jina la Kikristo. Wakafunga milango. Sasa milango ile ile ndiyo iliyokuwa ikiwafungia watoto wao nje ya kila ofisi ya mji waliozaliwa.

Kwa hiyo aliposikia kwamba serikali itafungua darasa la Kiingereza katika shule ya Ngamiani, isiyo ya misheni, alikwenda moja kwa moja kwa Maalim Shehe. Ofisi ya elimu ilikuwa imesema maneno mawili: watoto wa mjini wapatikane, na mwalimu asiye na cheti akubaliwe iwapo somo lake la mfano litampendeza mkaguzi. La pili lilikuwa mzigo wa Mselem. La kwanza Maalim alilichukua mwenyewe. Akashika bakora yake, wakapita pamoja nyumba kwa nyumba, na kila barazani Maalim alisema lile lile:

"Huyu nimemfundisha mimi, tangu alifu mpaka akakhitimu. Mkimpa yeye mtoto, mmenipa mimi."

Na ili asionekane anawaonjesha wenzake dawa asiyoinywa, akamtoa mjukuu wake mwenyewe, Ghanima, mtoto wa kike. Baada ya hapo nani angesema hapana? Saud, mwenye duka la nguo, akamtoa mwanawe Marhun. Wengine wakafuata, na jioni Mselem akaanza kuwazoeza maneno ya Kiingereza.

Basi ndiyo sababu Mselem hakucheka uani siku ile.

Alikuwa amechagua somo la kulia na kushoto. Alilichagua kwa kuwa jeshini maneno hayo mawili alikuwa ameyala asubuhi na kuyanywa jioni, hakuna atakayemtega. Na kanuni mpya ya kufundisha, kama mwalimu mkuu wa Ngamiani alivyomweleza, ilikuwa kwamba mwalimu hatafsiri kitu. Mwalimu husema, mtoto hutenda. Akitenda sawa, ameelewa. Alikuwa na vitu vyake tayari: kikombe, ufunguo, na chungwa kubwa la Muheza.

"Nipe chungwa kwa mkono wa kulia," akamwambia mkewe kwa Kiingereza, akimwonyesha kwa ishara.

Kijakazi akampa, akainama kidogo kwa mzaha.

"Vizuri. Sasa nipe chungwa kwa mkono wa kushoto."

Kijakazi akatazama ishara, akaelewa. Akaliweka chungwa juu ya mkeka.

"Sikupi."

"Kijakazi, ni somo tu."

"Somo au si somo. Nimekupa uji, nimekupa watoto, nimekupa na ufunguo wa sanduku langu. Kwa mkono wa chooni sikupi kitu, tena cha kula."

"Mume hupewa hivyo siku anayoachwa," Sabiha akadakia. "Mpe, shoga, tuone kama talaka ya Kizungu inaswihi!"

"Mnaniharibia kazi," Mselem akasema. "Haya ni maneno. Mtoto ajifunze maneno."

"Maneno yafundishe kwa mdomo," Kijakazi akajibu, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mkono wa mtoto wa watu uache ulivyofundishwa kwao."

Mselem akakaa kwenye ukingo wa kibaraza, akawaza. Mkewe alisema kweli, na shukrani ni kwamba alisema uani na si darasani. Akaligeuza somo. Mkono wa kushoto utainuliwa, utapungwa, utashika sikio, utaonyesha dirisha. Lakini kupeana kitu kutakuwa kwa mkono wa kulia tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Akalipitia hivyo mara nyingi, mpaka Sabiha naye akawa anainua mkono wa kushoto kabla ya kuamrishwa na kudai apewe ualimu yeye.

Jumatano watoto walikuja wameoga, wamepakwa mafuta, nguo zao zinanukia udi kama za Idi. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka benchi nyuma kabisa kwa ajili ya wazee watakaopenda kutazama. Akaja mzee mmoja tu, Maalim Shehe, kanzu nyeupe na joho jeusi, kwa niaba ya wote.

Mselem akaliona lile benchi, akaona haya. Maalim wake akae nyuma, atazame visogo vya watoto? Akaingia ofisini, akabeba mwenyewe kiti cha mikono, akakiweka mbele, kando ya kiti cha mkaguzi. "Hapa, Maalim." Maalim akakaa. Bwana Kershaw, mtu mwembamba, mwekundu shingoni kwa jua, akainuka kumpa mkono kwa adabu zote. Alikuwa Mzungu asiye na makuu. Hilo nalo Mselem alikuja kulikumbuka baadaye, na halikumpunguzia kitu.

Somo likaanza, likaenda kama maji mferejini. Mikono ya kulia juu. Mikono ya kushoto juu. Shika sikio la kulia. Onyesha dirisha kwa kushoto. Watoto waliitika kwa pamoja, kwa sauti ile ile ya chuoni, inayopanda na kushuka kama pumzi ya mtu mmoja. Marhun akaleta ufunguo kwa mkono wa kulia. Mwingine akaleta kikombe. Kila mmoja alimjibu mwalimu wake kwa Kiingereza safi, na Mselem akaanza kusikia mwilini raha aliyokuwa ameisahau, raha ya mtu anayefanya jambo alilozaliwa nalo. Alimwona Maalim akitikisa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto aliposoma bila kukosea.

Bwana Kershaw akainua kalamu.

"Wanaitika vizuri sana," akasema kwa Kiingereza. "Lakini chuoni pia huitika vizuri, nasikia, hata wasichokielewa. Nataka kuona kama wanaelewa mmoja mmoja. Yule msichana mdogo. Mwambie achukue lile chungwa, ampelekee huyu mzee. Kwa mkono wa kushoto."

Hakulisema kwa ubaya. Mkono wa kulia ulikwisha kutumika. Mtu yeyote mwenye akili angejaribu wa pili.

Mselem alikuwa na maneno. Kiingereza chake kilitosha, na kingebaki. "Bwana, kwetu mtoto hampi mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto, naomba tumjaribu kwa njia nyingine." Sentensi nzima ilikuwa imesimama kooni, imekamilika, haina kosa. Burma alikwisha kuwaambia Wazungu maneno marefu kuliko hayo, juu ya nyumbu waliokufa na mikate iliyooza. Lakini mkaguzi alikuwa ameketi na kalamu hewani, na nje ya dirisha alikuwa akingoja kijana mmoja wa Muheza mwenye cheti, zamu yake ya kufundisha ikifuata. Visigino vya Mselem vikajigusanisha vyenyewe.

"Yes, sir," akasema.

Akamgeukia Ghanima, akatoa amri.

Mtoto akasimama, akaenda mezani, akachukua chungwa kwa mkono wa kulia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyofundishwa kwao.

"Kushoto, Ghanima."

Ghanima akamtazama. Alikuwa ameelewa, hilo ndilo lililokuwa baya. Angekuwa hajaelewa, angeokoka. Akamtazama babu yake. Wale watoto wa chuoni wote wakajua kinachotakiwa, wakawa wanatazama sakafu.

"Kushoto!" Mselem akarudia, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ya sajini kwenye uwanja wa kwata.

Mtoto akahamisha chungwa. Akavuka chumba, akaunyosha mkono wa kushoto mbele ya babu yake, na uso akaugeuzia ukutani. Maalim Shehe hakuonyesha lolote. Akaunyosha mkono wake wa kulia, akapokea, akasema "Bismillahi" kama asemavyo mbele ya riziki yoyote, akaliweka chungwa juu ya goti.

"Ahsante, mjukuu wangu. Kakae."

Ghanima akarudi, akaufuta ule mkono kwenye gauni, akaufuta tena.

"Safi kabisa!" Bwana Kershaw akasema, akaandika. Kisha akasimama, akampa Mselem mkono mbele ya watoto. Kijana wa Muheza aliingia baada yake, akafundisha juu ya hali ya hewa, akatetemeka, pamoja na cheti chake. Adhuhuri haijaadhiniwa, mwalimu mkuu akamwambia Mselem kwamba kazi ni yake.

Alimkimbilia Maalim, akamkuta kwenye ngazi akivaa makubadhi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Maalim, naomba radhi. Yule Mzungu hajui mila zetu."

"Najua kuwa hajui. Ndiyo maana sina neno naye."

"Ningekataa, kazi ingeondoka."

Maalim akamaliza kuvaa kubadhi la pili.

"Ulimwambia, akakataa?"

Mselem akatazama ngazi.

"Basi, bwana, hatujui angesema nini," Maalim akasema. Akamshika Ghanima mkono, wakaenda zao. Mselem akabaki kwenye ngazi, akisikiliza lile neno. Tangu alipoletwa mtoto kutoka Moa, Maalim hakupata kumwita *bwana*. Alimwita mwanangu, alimwita punda siku alizokosea kusoma, alimwita Mselem. *Bwana* ni la karani wa posta.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alimkuta Kijakazi akipepeta mchele.

"Kazi nimepata," akasema.

"Hongera."

"Umesikia?"

"Mji mzima umesikia. Sabiha kasikia sokoni kwa watu watatu, kila mmoja chungwa lake kubwa kuliko la mwenzake."

"Kijakazi, nilijitahidi. Nililigeuza somo kama ulivyosema. Yeye ndiye aliyeuliza."

Akaacha kupepeta.

"Mimi mtu mzima nilikukatalia, ukanisikia, ukakaa ukawaza. Yule mtoto alikukatalia kwa macho, ukampigia kelele. Nimekuuliza kitu? Sijakuuliza. Kula, chakula kinapoa."

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Mselem alikwisha kupita nchi ambako mtu akikosewa hupiga meza, na nyingine ambako huchomoa kisu, na kote huko mambo huisha, kwa heri au kwa damu. Pwani mtu uliyemwudhi hukukaribisha kahawa. Likizo ilipokwisha akapita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wazazi siku ya kufungua darasa, safari hii peke yake, na kila barazani alipokewa kwa mikono miwili.

"Karibu, bwana mwalimu! Mleteeni bwana mwalimu mto wa kuegemea."

Saud wa duka la nguo akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Marhun? Lo, bahati mbaya, bwana mwalimu. Kaenda Pangani kwa shangazi yake, na shangazi hana mtoto, kamng'ang'ania. Hata sijui atarudi lini."

Nyuma ya pazia Marhun alisikika akicheka na dada zake. Saud hakuona haya wala hakuinua sauti kumficha. Akaongeza kahawa, akaleta na halua. Nyumba ya pili mtoto alikuwa anaumwa macho. Nyumba ya tatu walikuwa wanahama. Kwa Maalim Shehe alijibiwa salamu zote, za yeye, mkewe na watoto, akaulizwa afya ya mamake Moa. Na alipotaja jina la Ghanima, Maalim akasema, "Ghanima anamsaidia bibi yake sasa," kwa upole wa mtu anayekueleza kwamba mvua imekatika.

Darasa lilifunguliwa hivyo hivyo. Ofisi haikutaka lipotee, ikajaza madawati kwa watoto wa makarani, wa polisi na wa watu wa reli, watoto wa bara, wenye adabu na bidii, ambao hata bila Mselem wangepata Kiingereza mahali pengine. Aliwafundisha vizuri. Hakujua kufundisha vibaya. Mchana, watoto walipotoka kwenda kwao, aliwasikia ng'ambo ya mtaa wale wa chuoni wakiitika, sauti ikipanda na kushuka, na miongoni mwake alijua kuna ya Marhun.

Mwezi wa Machi Bwana Kershaw alikuja kukagua. Akasikiliza, akafurahi, kisha akatazama huku na huku.

"Wale watoto wa mjini wako wapi? Yule msichana mdogo hodari?"

Watoto walikuwa wametoka kucheza. Mselem akafunga mlango, akamweleza. Alimweleza yote: mkono wa kulia na wa kushoto, kazi ya kila mmoja tangu mtoto anapoanza kula mwenyewe; Maalim ni nani mjini; chungwa lile lilikuwa nini mbele ya watu; milango iliyofunguliwa kwa neno la mzee mmoja na namna ilivyofungwa. Alieleza kwa Kiingereza kisichokwama, bila kutafuta neno, na alipofika mwisho alikuwa analowa jasho.

Bwana Kershaw alimsikiliza bila kumkatiza. Uso ulimwiva zaidi ya kawaida.

"Lakini Mselem," akasema, "mbona hukuniambia? Ningesema mkono wa kulia. Kwangu ilikuwa mamoja."

Mselem akaanza kufuta ubao.

"Au ningesema ampelekee mtu mwingine. Au aweke mezani. Ningekubali lolote, ungenieleza tu." Akavaa kofia yake, akasita mlangoni, akatafuta jambo jema la kumwachia. "Umeeleza vizuri sana lakini. Kiingereza chako ni kizuri kweli kweli."

"Yes, sir," Mselem akasema.

Akapiga kengele, watoto wa watu wa reli wakaingia, wakasimama wima kando ya madawati yao, wakingoja waambiwe wakae.